Mfuko wa Buluu

Fomu iliuliza: Kwa nini umechagua udaktari wa mifugo?
Waliniachia mistari minne.
Nikaandika, Napenda wanyama,
na mistari mitatu ikabaki mitupu.

Sikumwandika Posta.

Posta alikuwa punda wa baba,
kijivu, sikio moja limepasuka.
Jina alilipata kwa kubeba vifurushi
kutoka gatini hadi Langoni,
akijua mwenyewe mlango wa nani ni upi.
Baba hakuwa na haja ya kumwambia geuka.
Alimwambia tu simama.

Nilikuwa na miaka kumi. Ilikuwa Alhamisi.
Nilinunua mabuyu dukani kwa Bunu,
nikayamaliza kabla ya kufika chuoni,
nikafuta vidole ukutani,
na mfuko, wa buluu, mwepesi kama si kitu,
nikauachia upepo wa kichochoroni.
Nani hakuutupa wake?

Wiki ya tatu Posta akawa anageuka
kuutazama ubavu wake
kama mtu aliyeitwa kwa nyuma.
Tumbo likawa ngoma.
Baba akamnywesha mafuta ya simsim,
shangazi Mwanamize akamsomea,
jirani akashauri apigwe atembee.
Akapigwa. Akatembea hatua nne.

Daktari alivuka kutoka Mokowe kesho yake, alasiri,
Gakuo, mtu mfupi, viatu mkononi.
Posta keshapoa.
Akasema, Tumpasue tujue. Nani atashika tochi?
Wanaume wakatazamana.
Nikashika.

Harufu sitaieleza.
Alivuta kitu kama kamba ya nguo kuukuu,
kikaja, kikaja, kisha kikafunguka,
kikawa mifuko.
Kumi na saba. Nilihesabu.
Mmoja wa buluu.

Wangu? Mji mzima ulikuwa na mifuko ya buluu.
Najua. Nimejiambia hivyo miaka kumi na minne,
na mkono huu bado unakumbuka ulivyouachia.

Wapo wanaoitwa na kazi yao.
Mimi nilidaiwa.

Kabete baridi iliuma hadi kwenye meno.
Asubuhi ya kwanza nilitumbukiza mkono ndani ya ng'ombe,
ukazama mpaka begani,
na nilichohisi, Mola anisamehe, ni raha ya joto.
Mtihani wa mifupa niliurudia mara mbili.
Nyumbani wakaniuliza kwenye simu,
Kwani madaktari wa watu wamejaa?
Shangazi akaniombea nibadili nia.

Mwaka wa tatu, jioni moja,
nikagundua siku nzima imepita
bila kumkumbuka Posta.
Nilikuwa nimemwinamia mbuzi,
nasikiliza moyo wake, du-du, du-du,
muda mrefu kuliko ilivyohitajika,
kwa kuwa nilitaka tu kuusikia.
Nikaingiwa na hofu, kama mtu aliyeacha kulipa.
Halafu nikacheka, peke yangu, zizini.

Sasa nina chumba kimoja nyuma ya soko:
meza, ndoo mbili,
dawa kwenye jokofu la kuazima.

Jumatatu alikuja Famau Lali na punda wake mpya,
akapanga foleni nyuma ya mtoto mwenye paka.
Ni baba yangu. Alipanga foleni.

Chini ya shogi, kidonda upana wa kiganja.
Nilikiosha taratibu. Baba akatazama pembeni.
Mpake dawa hii asubuhi na jioni, nikasema,
na siku saba asibebe kitu.

Saba! Nina saruji ya watu gatini.
Saba.
Nne.
Saba, baba.
Tano, na ya sita abebe kidogo.

Nikanyamaza.
Ni yeye aliyenifundisha, zamani, dukani kwa Bunu,
kwamba katika kupatana
anayesema tena ndiye anayeshuka.

Nzi akatua ukingoni mwa kidonda.
Baba akampunga kwa kofia yake.
Akampunga tena.

Kisha akatoa pochi.
Haya, daktari, akasema. Ngapi?

Nikamtajia. Akalipa bila kupunguziwa,
akatoka kuelekea kichochoroni,
shogi begani mwake mwenyewe,
punda nyuma, mgongo mtupu,
akisimama kila mlango anaoujua.